Kuni za Msumeno, Kuni za Goti

Kabla hujaniuliza bei, chukua vipande viwili uvigonganishe. Vikilia ko, ko, kama mtu anayebisha hodi ana haraka zake, hizo ni kuni. Vikilia bu, umeshika maji yaliyovaa gome. Virudishe ulikovitoa, na muuzaji akikukunjia uso mwambie umefundishwa na Mama Anaeli wa yadi ya Kwa Mrombo. Ataukunjua.

Hivi ndivyo ninavyowaanza vijana wote wanaonifuata hapa Akheri siku hizi. Wanakuja na pikipiki zao, "Shikamoo bibi," naitika marahaba, na kabla hata hawajakaa vizuri wanataka kujua kama biashara ya kuni bado inalipa, maana sasa kila nyumba ina mtungi wa gesi. Gesi hata mimi ninayo, chai ya asubuhi naipikia humo, wala sina ugomvi nayo. Mashule makubwa yamehamia gesi na ni sawa kabisa, misitu ipumue. Lakini mwenye tanuri la mikate bado anataka kuni. Wenye pizza mjini wanataka kuni. Na wale wazee wastaafu wenye majiko ya chuma ya bomba, kule Olasiti na kule juu kwenye baridi, ikifika Julai wanataka kuni. Kwa miaka mingi wote hao walizipata kwangu. Sijisifu. Haya, najisifu kidogo, mtanivumilia. Magoti ndiyo yamestaafu, mdomo bado.

Nimeuza kuni tangu binti yangu Anaeli yuko mgongoni, na sasa yeye ndiye mwenye yadi. Katika miaka yote hiyo gari langu lilishikwa na watu wa misitu mara moja tu. Nitawasimulia hiyo mara moja, kwa sababu siku ile kilichotaka kupotea si gari. Nusura wanawake wa kijiji kizima wafungiwe msitu moja kwa moja, wakose hata kijiti cha kuchemshia uji, kwa ajili ya mzigo wenye jina langu. Lakini ngojeni kwanza mjue kuni ni nini, la sivyo hamtaelewa tulivyoshikwa.

Aliyenifundisha alikuwa Mwarusha wa Olasiti, bibi mmoja tuliyemwita Koko Naserian. Mfupi, mkali, na hakuwa na subira na mtu anayepiga soga huku ameshika shoka. "Chagua," alikuwa anasema, "unaongea au unapasua." Mara yangu ya kwanza kumpelekea kuni nilizozikata mwenyewe, zilikuwa za mkaratusi, magogo mazima, nimeyapanga vizuri na kuyaacha muda mrefu. Nilisimama pembeni nasubiri kusifiwa. Akagonga. Bu. Akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye malapa.

"Hizi umezikausha," akauliza, "au umezihifadhi?"

Basi nikajifunza. Gome ni koti la mvua, linazuia maji yasiingie na linayazuia yasitoke. Mti haukauki mpaka uuvue koti, na kuuvua koti ni kupasua. Mkaratusi unaupasua siku ile ile ulipoangushwa, unaachia wenyewe bila kelele. Ukisema ngoja ukauke kwanza, nyuzi zake zinajisokota, shoka likiingia humo utalikuta hapo Krismasi. Unene wa ngumi unatosha kwa jiko la nyumbani. Halafu unapanga juu ya mawe, si juu ya udongo, unaacha upepo upite katikati, unafunika kichwa tu na mbavu unaziacha wazi. Nimeona vijana wanazifunga gubigubi na turubai, wanadhani wanazilinda. Wanalima uyoga. Na majira nayo yana kazi yake: ukate masika ikishaisha, upepo wa Agosti na Septemba ukufanyie kazi bure, ndipo masika ijayo ikukute una akiba.

Na si kila mti ni kuni. Mgrevilea ndiye ndugu yetu hapa Meru, yuko kwenye kila shamba la kahawa anatoa kivuli, na matawi yake lazima yapunguzwe. Anawaka haraka, ni wa kuwashia na wa asubuhi. Mbuni mzee ni habari nyingine. Kahawa ikizeeka mkulima anaikata kisiki ili ichipue upya, na vile vigogo vyake vidogo, vigumu, vikishakauka vinakaa na moto kimya kimya mpaka unasahau kama uliweka kitu jikoni. Msaiprasi mwachieni fundi seremala. Unarusha cheche, na kwenye jiko la bomba utomvu wake unapanda na moshi unaganda huko juu, mweusi, unanata. Siku ukipata moto mkali, unawaka humo humo ndani ya bomba, na paa lako liko jirani.

Kulikuwa na mwalimu mstaafu mmoja alinipigia simu mwezi wa Julai. "Mama Anaeli, jiko langu linakohoa." Nikaenda. Nikamwambia azime jiko, lipoe, tufungue bomba. Tundu lililobaki kidole kingeingia kwa taabu. Kumbe alikuwa ananunua kuni mbichi za msaiprasi kando ya barabara kwa sababu zinanukia vizuri. Nilimwambia mwalimu, harufu nzuri nunua sabuni.

Na mwoka mikate mmoja, mteja wangu mpaka leo, aliwahi kunikimbia akanunua shehena ya mnyaa uliokauka, ule mmea wa ua wenye maziwa. Moshi wa mnyaa ni pilipili ya macho. Walitoka wote nje wanalia utadhani kuna msiba, mikate ndani ikawa mkaa. Alirudi kwangu macho mekundu. Sikumcheka. Nilicheka alipoondoka.

Sasa la sheria, na hapa muache simu zenu kidogo. Mti una mwenyewe, sawa, lakini hata mti wako, kwenye shamba lako, ukitaka kuzitoa kuni zake barabarani kwa gari, una safari ya kufanya. Unaanza ofisi ya kijiji waseme ni wako kweli. Unamleta mtu wa misitu wa wilaya auone bado umesimama, si umwoneshe kisiki halafu useme hapa palikuwa na mti. Unapata kibali cha kuvuna, na gari likiondoka linakuwa na hati yake ya kusafirisha, ya mzigo ule na ya safari ile. Miti ya asili, mringaringa na wenzake, usiiguse hata kama babu yako ndiye aliyeikuta pale, mpaka umeuliza. Taratibu nazo hubadilika, kwa hiyo usije ukafuata nilivyofanya mimi enzi zangu, nenda ofisini uulize za mwaka huu. Vijana mnasema huo ni mlolongo. Mimi nilikuwa nakusanya wakulima wa mtaa mzima, tunamwita mtu wa misitu mara moja, anapita shamba hadi shamba asubuhi moja, mchana kila mtu ana kibali chake. Mlolongo unawatesa wanaouendea mmoja mmoja.

Haya. Juu kabisa, pale mashamba yanapoishia na msitu wa serikali unapoanza, kuna kijiji ambacho jina lake sitalitaja. Akina mama wa kijiji kile wana ruhusa. Jumanne na Ijumaa wanafunguliwa geti la msitu waokote kuni kavu, zile zilizoanguka zenyewe. Hakuna panga, hakuna shoka, hakuna msumeno. Unavunja kwa goti, unafunga tita moja, unalibeba kichwani, unaondoka. Na ni la jiko lako, si la kuuza. Wanazipandisha darini, juu ya moto, moshi unazimalizia kuzikausha, na zile za darini ndizo zinazowavusha masika.

Masika ya mwaka ule tulioshikwa ilikuja mapema kisha ikagoma kuondoka. Akiba yangu ikaisha. Mwoka mikate anapiga simu, hoteli zinapiga simu. Dereva wa Canter yetu alikuwa Nderingo, mdogo wake marehemu mume wangu, shemeji yangu. Mtu mzuri sana Nderingo, mcheshi, atakupa shati lake. Ila akiona njia ya mkato anaiona kama ameoneshwa na malaika. Nikamtuma na hati halali kabisa akachukue mgrevilea mkavu kwa Mzee Kaaya, mkulima aliyekuwa ametutunzia mzigo chini ya kibanda. Tope likamkatalia, Canter haikufika shambani. Badala ya kunipigia simu, akapandisha kwa barabara ya moramu mpaka kile kijiji cha juu, akaanza kupita nyumba kwa nyumba ananunua kuni za darini. Alijaza Canter. Nasikia alikuwa anapiga mluzi.

Kwenye kizuizi cha maliasili barabarani akasimamishwa na bwana misitu, kijana aliyehamishiwa kwetu kutoka kanda ya ziwa, mpole wa sauti. Akafunua turubai, akatoa kijiti kimoja, akaitazama ncha yake. Akatoa kingine.

"Hati yako inasema mgrevilea wa shambani."

"Ndiyo mkuu."

"Mgrevilea wa kwenu unavunjwa kwa goti?"

Mnaona. Kuni ya shambani ina ncha ya msumeno, bapa kama sahani. Zile zote zilikuwa na ncha za kuvunjwa, zina meno, na juu yake masizi ya darini. Mtoto angezijua. Hapo Nderingo angenyamaza, tungelipa faini yetu, tungeaibika wenyewe, basi. Lakini Nderingo hajawahi kunyamaza. Akasema, "Si za wizi mkuu. Nimenunua kwa akina mama wa juu, na wao wana ruhusa."

Bwana misitu akamshukuru kwa kumweleza. Gari likabaki. Na agizo likapanda kijijini jioni ile ile: kuanzia Ijumaa hakuna mama anayeingia msituni, kwa sababu ruhusa ya jikoni imegeuzwa biashara.

Maneno niliyomwambia Nderingo aliponipigia simu, kanisani siwezi kuyarudia.

Jumamosi asubuhi nikafungua yadi nikakuta wanawake wanne wananisubiri kwenye manyunyu. Aliyekuwa mbele alikuwa Mama Penieli, mjane, anaishi na mama mkwe wake mzee nyumba ya mwisho kabla ya msitu. Nilitegemea matusi, na nilikuwa tayari kuyapokea. Hakutukana. Alikaa juu ya kirundo cha kuni kilichobaki, akaweka mikono mapajani.

"Mama Anaeli, jana tumepikia fito za ua. Leo sijui tutapikia nini."

Nami, kwa ukali wangu, nikamwuliza, "Na ninyi mliuza kwa nini, hali mnajua si za kuuza?"

"Shemeji yako alisema umemtuma wewe. Akasema, Mama Anaeli amesema ni halali." Akanitazama usoni. "Ungesema wewe ni halali, nani kijijini kwetu angebisha?"

Nilikosa pa kuweka mikono yangu. Miaka yote nilijenga jina ili mtu akisikia Mama Anaeli ajue hapo hakuna ujanja, na ni jina lile lile lililotumika kuwashushia kuni zao darini. Nikawaambia rudini nyumbani, nikawagawia kile kirundo kilichobaki, wateja wakanuna. Na nikaapa kimoyomoyo kwamba lile geti litafunguliwa au mimi sitauza tena kuni.

Nderingo naye alikuwa anaungua rohoni, nisimsemee vibaya. Akafanya kama tulivyolelewa: akakata jani la sale, ule mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani, akalifunga fundo, akaenda kijijini kuomba msamaha nyumba kwa nyumba. Kwa Mmeru, mtu akikujia na sale mkononi huwezi kumfukuza. Inabidi umsikilize na umsamehe hata kama tumbo linakuuma kwa hasira. Wakamsamehe. Mama mkwe wa Mama Penieli akampa na maziwa mgando.

Angeishia hapo. Lakini mambo yakimwendea vizuri Nderingo hajui kuishia. Jumatatu, bila kuniambia, akakata sale lingine, kubwa zaidi, akaenda nalo ofisini kwa bwana misitu. Fikirieni yule kijana wa kanda ya ziwa, amekaa mezani kwake, mlango unafunguliwa, linaingia jibaba limeloa mvua, limeinama, halisemi neno, limenyoosha kwa mikono miwili jani bichi lililofungwa fundo. Kijana akaruka nyuma mpaka kiti kikaanguka. Akaita mlinzi.

Simu ikaja kwangu. "Mama, kuna mtu hapa anasema ni shemeji yako. Ameniletea dawa ofisini. Njoo umchukue na majani yake."

Nikafika nikamkuta Nderingo kwenye benchi, mlinzi pembeni, na sale limelazwa peke yake sakafuni, watu wanalizunguka kwa mbali. Nilitaka kucheka na kulia, nikaona nikianza kimoja nitamaliza na kingine. Nikaliokota. Nikamweleza bwana misitu kwamba si uchawi, kwetu huu ni msamaha, na mtu akikuletea huruhusiwi kumkataa.

"Kwa hiyo mmekuja kunilazimisha nisamehe?"

"Wewe si wa huku," nikamwambia. "Unaweza kukataa, hatutakuhesabia. Sisi ndio tusingeweza kukosa kuleta."

Akainua kiti chake, akakaa. Nikaona mdomo umelegea kidogo, nikajua pana nafasi, nikaingia.

"Sijaja kuomba gari, baba. Gari lina kosa, sheria imalizane nalo, faini tutalipa. Nimekuja kuomba geti. Wale mama hawakufanya biashara, walidanganywa na sisi. Madari yao yako wazi na mvua hii unaiona."

"Nikiwafungulia, kesho atakuja mwenye Canter nyingine."

Alikuwa na haki, ndicho kilichoniuma. Yeye alikuwa analinda msitu ambao maji yetu yote yanatoka humo. Nikafikiri pale pale nimesimama, jani mkononi. Nikamwambia, ule mzigo urudi juu mbele ya macho yako, kila kijiti kirudi dari lililokitoa. Na kuanzia leo, kuni yoyote itakayotoka yadi yangu itakuwa na ncha za msumeno pande zote mbili. Hata kitawi chembamba, hata cha kuwashia. Njoo siku yoyote, saa yoyote, usinipigie hodi. Siku ukikuta ncha moja ya kuvunjwa, funga yadi. Usifunge msitu, funga yadi yangu.

"Yadi yote?"

"Yote."

Nderingo kwenye benchi akafungua mdomo. Nikamtazama. Kwa mara ya kwanza maishani mwake akaufunga.

Bwana misitu akasema lazima aongee na wakubwa wake, na akaongea. Mzigo ulirudishwa juu yeye mwenyewe akiwa amekaa kiti cha mbele na Nderingo anaendesha, walisemeshana nini sijui. Jumanne ya wiki iliyofuata geti lilifunguliwa, kwa majaribio, alisema. Niliwaona akina mama wanashuka mmoja mmoja na matita kichwani kwenye ukungu, na Mama Penieli aliponipita hakusimama, alinigusa tu bega kwa mkono ulio huru. Nilirudi nyumbani nikalala mchana kweupe, kitu ambacho sijawahi kufanya.

Ahadi ni rahisi ukiwa umesimama mbele ya meza. Kuitimiza ndiyo kazi. Mjue kukata ncha mbili za kila tawi jembamba ni kujitafutia ugonjwa wa mgongo. Wapasuaji wangu walininunia wiki za mwanzo, wakaniita Mama Msumeno, wakidhani sisikii. Nikatengeneza farasi wa mbao wa kulazia matawi kumi kumi, unapitisha msumeno mara moja huku na mara moja huku, ikawa nyepesi. Vile vipande vya mabaki tukaviuza kwa wenye majiko ya bomba kuwashia, vinashika moto mara moja. Na ncha bapa ilinipa faida ambayo sikuitegemea: ukizipanga, unaona moyo wa kila kuni, iliyokauka ina nyufa zinazotoka katikati, na mbichi haina. Mteja anachagua kwa macho kabla hata hajagonga. Hoteli zikaanza kuagiza, "zile zilizokatwa pande zote." Wengine Kwa Mrombo wakaniiga. Nilijidai hakuna mfano.

Na yule kijana alikuja, msidhani alikuwa anatania. Alikuja asubuhi, alikuja mchana wa jua, anazunguka mikono nyuma, hatuongei. Siku moja akainama, akachomoa kwenye rundo kitu chenye ncha ya kuvunjwa, ina meno kabisa. Nikamwona Anaeli ameshika mdomo. Akakigeuza, akakitazama upande wa pili, akaniita.

"Mama, huu si mpini wa koleo?"

Ulikuwa mpini wa koleo. Nderingo alikuwa ameuvunja asubuhi hiyo akauficha humo ili nisimseme. Bwana misitu alicheka mpaka akaegemea Canter, na tangu siku hiyo akawa anakunywa chai akija. Alipohamishwa kwenda mkoa mwingine alikuja kuaga, akaniomba mche wa sale. Nikampa na udongo wake.

Wale mama wa juu nao hawakukaa. Kwenye mipaka yao, katikati ya masale, wakapanda migrevilea, na ilipokua nikawa nanunua matawi kwao kwa kibali na hati, kuni za shambani za msumeno. Za msituni zikabaki za jikoni, Jumanne na Ijumaa, kwa goti. Mpaka leo geti halijafungwa tena, na mtu yeyote akipita pale ajue kuna mkono wangu.

Mwaka jana masika magoti yakagoma kabisa. Yalivimba, hospitali wakayafunga bendeji, nikaambiwa nilale. Anaeli ana yadi, ana watoto, anakuja na kuondoka mbio. Ijumaa moja nimelala nikasikia hodi mlangoni, akaingia Mama Penieli, naye si kijana, ana tita la kuni kichwani na mfuko wa nguo mkononi. Nikaziona zile ncha. Nikasahau magoti, nikainuka kitandani.

"Umeleta kuni za msituni kwenye nyumba hii? Kwangu mimi?"

Akalitua tita taratibu karibu na mlango wa jikoni, akajifuta jasho.

"Kuni ni za jiko langu," akasema. "Na mpaka utakaposimama, jiko langu ni hili. Lala chini."

Nikalala. Ningesema nini, sheria naijua na alikuwa ameizunguka vizuri kuliko mwanasheria. Akaenda jikoni, nikamsikia anahamisha sufuria zangu kama za kwake. Nikapaza sauti, "Gonga kwanza." Akagonga. Ko, ko.

"Umeridhika?"

Kwa hiyo ninyi mnaokuja na pikipiki kuniuliza kama kuni zinalipa, jibu langu ndilo hili. Nilikuwa nimelala pale na machozi yananitiririka masikioni, magoti yangu mawili hayanifai kitu, namsikiliza mwenzangu jikoni ananivunjia kuni kwa goti lake.